Kutoka Kilolo hadi Kinyerezi

Mtu wa Kilolo akisafiri kwenda Dar es Salaam wakati wa mvua, lazima aagizwe ulanzi. Ndugu walioko mjini wanajua kuwa huo ndio msimu wake, mianzi inachipua na wagemaji wanaamka alfajiri, na huko waliko hawaupati. Mimi niliagizwa na shemeji yangu, mume wa dada, anayekaa Kinyerezi. "Uwe mkangafu, ule uliokolea," alisisitiza kwenye simu. "Mtogwa, ule mtamu, waachie watoto." Mama akanijazia dumu kutoka kwenye kilabu chake, akatoboa kifuniko tundu dogo kwa msumari ili gesi ipate pa kutokea. Ulanzi hauachi kuchacha hata ukiwa safarini, na dumu lililozibwa kabisa hupasuka.

Kilabu hicho ndicho kilichotulea. Ada yangu ya sekondari, sare, godoro la bweni, nauli ya chuo cha ualimu, vyote vilitokana na ulanzi uliouzwa kopo kwa kopo. Sitaki msomaji anidhanie kuwa naidharau pombe ya kwetu au watu wanaoinywa. Nawapenda, na kwa sababu nawapenda naandika haya.

Ndani ya begi nilikuwa na bahasha ya rufaa. Watu wa Damu Salama walifika shuleni kwetu kukusanya damu, nikajitolea pamoja na walimu wenzangu. Damu ya mchangiaji hupimwa magonjwa manne kabla ya kupewa mgonjwa: virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Yangu ilikutwa na homa ya ini B. Nikapimwa tena baada ya miezi sita, maana mwili wa mtu mzima mara nyingi humfukuza kirusi huyu wenyewe ndani ya muda huo, na asipoondoka ndipo ugonjwa huitwa sugu. Wangu hakuondoka. Muuguzi aliyenipa majibu aliniambia maneno mawili tu kuhusu maisha yangu ya baadaye: usinywe pombe. Kwa nini, kwa muda gani, na kama kidogo kinaruhusiwa, foleni nyuma yangu haikumpa nafasi ya kueleza.

Habari ilifika kijijini kabla yangu. Kwetu kopo la ulanzi huzunguka, huyu akinywa anampa yule, na asiyepewa kopo ni mtu aliyegombana na wenzake. Nilipokwenda kumsalimu mama kilabuni, mzee mmoja alinisogezea kopo la peke yangu, jipya, lenye alama ya rangi nyekundu. Alifanya hivyo kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko matusi. Nilipanda basi nikiwa na maswali mawili: la pombe na la kopo.

Dar nilikuwa sijawahi kufika. Basi liliondoka stendi ya Igumbilo, Iringa, kukiwa bado na giza na baridi ya kukaza viganja. Tulipofika Kitonga kulikuwa kumekucha. Wanaoujua mlima ule wanajua ulivyo: barabara nyembamba imechimbwa ubavuni mwa jabali, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine korongo, na malori ya Tunduma yanapanda kwa kutambaa. Siku hiyo lori lilikuwa limekatika ekseli kwenye kona. Foleni ilianzia pale ikaenda kona baada ya kona, mabasi, malori ya mafuta, magari madogo yakijaribu kujipenyeza pembeni hadi tairi zikaning'inia. Tulikaa hapo asubuhi nzima. Utingo alitangaza kuchimba dawa, abiria wakashuka, wengine wakatoa vyakula, na kijana niliyekaa naye akatoa chupa bapa ya pombe kali mfukoni. Alinikaribisha. Nikamwambia asante, situmii. Akacheka kwa wema: "Mwalimu, umeokoka?"

Chini ya mlima, Ruaha Mbuyuni, joto lilitupokea mara moja pamoja na wauza vitunguu. Mikumi nilikaa dirishani kama mtoto. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50, na tembo walikuwa wamesimama karibu na lami, hawatujali. Kisha Morogoro, Chalinze, Mlandizi, Kibaha, na jioni tukaingia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ambayo tangu 2021 ndiyo inayopokea mabasi ya mikoani badala ya Ubungo. Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakiwa na haraka namna ile. Shemeji alikuwa kwenye lango na bajaji. Alipokea dumu kwanza, akalinusa penye tundu, ndipo akanikumbatia.

Kutoka Mbezi hatukuingia mjini. Tulikata kushoto na kulia kupitia Malamba Mawili na Kifuru, vilima vikipanda na kushuka, nyumba za matofali ambazo hazijapakwa lipu zikiwa na watu tayari, maana Dar mtu huhamia kwanza na kumalizia baadaye. Kila baada ya hatua chache kulikuwa na grosari: viti vya plastiki, taa za rangi, jiko la mkaa, muziki. Kinyerezi tuliitambua kwa mitambo ya TANESCO inayofua umeme kwa gesi ya Songo Songo na ya Mtwara. Nikamwambia shemeji kwamba mimi nilidhani nakuja jijini, kumbe nimekuja vilimani kama kwetu. Akasema ndiyo maana watu wa bara wanapapenda.

Dada alikuwa amechinja kuku wawili. Mpwa wangu alikimbia getini, "Shikamoo mjomba!", akaninyang'anya begi. Uani meza ilikuwa imeandaliwa: sinia moja la nyama na ndizi, kreti ya bia, na majirani watatu walioalikwa kuonja ulanzi. Kwetu na kwao ni kule kule, mgeni hapokelewi kwa maneno makavu. Shemeji akamimina dumu kwenye jagi, akajaza vikombe, akaanza na changu.

Nilikuwa nimefikiria jambo hili njia nzima. Nchini kwetu mtu anayekataa pombe ana majibu mawili ambayo hayaulizwi zaidi: nimeokoka, au natumia dozi. Yote mawili yangenivusha usiku ule. Lakini nyumba ile ndiyo ningelala, na dada yangu ndiye ningekula naye sahani moja, na sikutaka kuishi kwake nikiwa na kitu cha kuficha. Nikasema: "Shemeji, nimekuja hospitali. Nina homa ya ini. Pombe nimekatazwa."

Jirani mmoja aliuondoa mkono wake kwenye sinia. Hakusema kitu, aliufuta tu kwa leso akauweka mapajani. Niliona, na dada aliona. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akamega nyama pale pale nilipokuwa nimemega mimi, akala. Kisha akammiminia kila mtu juisi ya ukwaju, akaanza kuniuliza habari za mama. Sijui kama alijua chochote kuhusu homa ya ini wakati ule. Alijua mdogo wake ana njaa na amesafiri tangu usiku.

Baadaye, majirani walipoaga, shemeji aliniuliza swali ambalo nimeulizwa na kila mwanaume tangu siku hiyo. "Sasa, hata moja tu? Ya baridi, taratibu, na chakula?" Nikamwambia ndilo swali lililonileta.

Hospitali niliyoandikiwa iko Upanga. Tuliondoka Kinyerezi saa kumi na moja alfajiri kuwahi namba, daladala imejaa hadi mlangoni, tukapita Segerea, Tabata na Buguruni kabla jua halijachomoza. Tulikuta watu wameshajaa kwenye mabenchi. Kabla madaktari hawajaanza, muuguzi wa makamo alisimama mbele yetu kutoa elimu ya afya, kama inavyofanyika katika kliniki zetu nyingi. Nilifungua daftari. Tabia ya ualimu haiachi.

Aliuliza kama kuna swali. Mikono iliyoinuka, karibu yote, ilikuwa ya pombe.

Kulikuwa na kijana wa chuo ambaye macho yake yalikuwa yamegeuka manjano, sasa yamerudi kuwa meupe. Yeye aliugua homa ya ini A, ile inayopatikana kwa maji na chakula kichafu, ambayo huja kwa kishindo, ikaisha, na haiwi sugu. Alitaka kujua kama anaweza kusherehekea mahafali. Muuguzi akamwambia macho kuwa meupe si kipimo. Ini linaweza kuendelea kuuguza majeraha wiki nyingi baada ya mtu kujisikia mzima, miezi pia, na asiguse pombe mpaka vipimo vya damu vya ini virudi kawaida na daktari amwambie hivyo kwa kinywa chake. Tena awe mwangalifu na vidonge vya maumivu, hasa paracetamol, maana navyo hupitia ini, na vikichanganywa na pombe kwa wingi vinaweza kuliangusha ini la mtu asiyekuwa na ugonjwa wowote.

Mwingine alikuwa na homa ya ini C. Hii tuliyonayo wengi wetu pale, ya B, haina dawa ya kuifuta. Kirusi hujificha ndani ya kiini cha seli, na dawa humlaza tu. C ni tofauti. Vidonge vya wiki 12, na wakati mwingine 8, huwaponya kabisa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Bwana yule alikuwa amemaliza vidonge vyake. Alizungumza bila kuficha kwamba aliwahi kujidunga heroini, na kwamba alitoka huko kupitia methadoni, dawa ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Sasa aliona pombe ni jambo dogo sana ukilinganisha na alikotoka. "Kirusi ameondoka," muuguzi alimjibu, "lakini kovu alilokuachia lipo. Pombe inakwenda kwenye kovu, haiulizi nani alilichora."

Kulikuwa pia na mzee aliyekuja akishikwa mkono na binti yake. Mikono ilitetemeka. Alisema ameambiwa aache, na kesho anaacha. Hapo muuguzi alibadilika sauti, akawa mkali kidogo kwa mara ya kwanza. Alimwambia yeye na sisi sote: mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa miaka asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa mara moja unaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Aache, ndiyo, lakini aache mikononi mwa madaktari, kwa dawa za kumvusha zile siku za mwanzo. Binti akaandika. Natamani kila familia yenye mlevi ingeyasikia maneno yale, kwa sababu sisi hudhani kuacha ni suala la aibu na uamuzi tu, na tunamfungia baba chumbani.

Daktari wangu alikuwa mama mtu mzima, hana haraka. Alisoma bahasha, akanipima tumbo, akaniandikia vipimo: wingi wa virusi, vimeng'enya vya ini, chembe sahani, picha ya mawimbi ya sauti. Nilipomuuliza swali la shemeji, aliweka kalamu chini.

Alianza na chupa ya bia. Nusu lita yenye asilimia 5 ya kilevi ina gramu 20 hivi za kilevi halisi. Chupa ndogo ya mililita 200 ya pombe kali ya asilimia 35 ina gramu 55, karibu bia tatu ndani ya kitu kinachoingia mfuko wa shati. Karibu yote hiyo huchomwa na ini, na ini halina mwendo wa haraka. Bia moja humchukua mtu wa kawaida saa mbili hadi tatu. Katika kuichoma, ini kwanza huigeuza kuwa sumu iitwayo asetaldehaidi, ambayo hujeruhi seli na kuharibu vinasaba kabla haijageuzwa tena kuwa kitu kisicho na madhara. Ini zima hujiponya majeraha hayo, kwa kiasi fulani. Ini lenye kirusi cha B tayari liko vitani. Askari wa mwili wanazishambulia seli zenye kirusi, na majeraha yanaachwa na vita hiyo. Pombe huja kuongeza majeraha mahali pale pale, na jeraha linalorudiwa huacha kovu.

Nikamwuliza kovu lina shida gani, maana kovu la gotini ninalo na natembea. Akaniuliza nimetoka mkoa gani. Nilipomwambia Iringa, akauliza kama nimepita Kitonga. Damu yote inayotoka tumboni na utumboni, alisema, ikiwa imebeba chakula, lazima ipande kupitia ini. Ini likijaa makovu ni kama lile lori lililokatika ekseli kwenye kona. Damu inakwama, foleni inarudi nyuma, na inatafuta vichochoro. Inajisukuma kwenye mishipa midogo ya umio, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Mishipa inavimba, na siku moja inapasuka, na mtu aliyekuwa anakula ugali anatapika damu ya kujaza beseni. Maji yanavuja na kujaa tumboni. Sumu ambazo ini lilipaswa kuzisafisha zinapanda kichwani, mtu anaanza kuongea asichokijua. Nimeshaona watu hao kijijini. Kila Mtanzania amewaona. Tunasema karogwa.

Na yote hayo, aliendelea, huja kimyakimya, kwa sababu ini lenyewe halina mishipa ya kuhisi maumivu ndani yake. Anayesubiri liume ndipo aache pombe atasubiri hadi limekwisha. Saratani nayo ina njia yake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limekiweka kirusi cha homa ya ini B na pombe katika kundi moja, la vitu vinavyojulikana bila shaka kusababisha saratani kwa binadamu.

"Kwa hiyo kidogo?" nilimuuliza, maana nilijua nitaulizwa.

Alisema Shirika la Afya Duniani, Januari 2023, lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, hata kwa mtu mzima asiye na ugonjwa. "Sasa wewe una ini lenye mgonjwa ndani. Nikikutajia namba, nitakuwa nimeitunga. Jibu langu ni sifuri, na ni sifuri ya maisha." Hakulitamka kwa ukali. Aliongeza kwamba akifikiria wagonjwa wake, waliobaki wazima miaka mingi na hii B ni wengi mno, wana watoto, wanajenga, wanastaafu. Si kila mwenye kirusi huanzishiwa dawa papo hapo. Vipimo ndivyo vinavyoamua, na dawa yenyewe, tenofovir, ni kidonge kimoja kwa siku, kile kile kinachojulikana katika matibabu ya UKIMWI. Anayekunywa pombe husahau kidonge, na hilo nalo ni dhara lake.

Kuhusu kopo nilikuwa nimeogopa kuuliza. Akaniwahi. Homa ya ini B hupita kwa damu, kwa kujamiiana, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, kati ya watoto wadogo wenye vidonda wazi wanaocheza pamoja, kwa wembe, sindano na mswaki wa kuazimana. Haipiti kwa kikombe, kwa sinia, kwa kushikana mikono, kwa kukumbatiana. Nililiandika hilo kwa herufi kubwa. Kopo lenye alama nyekundu halimlindi mtu yeyote kijijini kwetu. Wenzangu wangeweza kunywea kopo langu miaka yote bila kudhurika nami. Anayedhurika kwa kilichomo ndani ni mimi.

Mwisho alinitaka nimlete mama apimwe, na ndugu zangu wote wa tumbo moja. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama yake, katika kila watoto 100, karibu 95 hubaki na kirusi maisha yao yote. Mtu mzima akiambukizwa, hawafiki 5. Mimi, alisema, inaelekea nilikipata nikiwa bado nabebwa mgongoni.

Jumamosi shemeji alinipeleka grosari yake. Sikukataa. Kukataa pombe nimekubali, kukataa watu sikukubali, na naamini wengi wanarudi kwenye chupa kwa sababu walidhani lazima waache vyote viwili. Mhudumu aliniletea malta bila kuuliza, shemeji alishamwambia. Walikuwa madereva wa bajaji, fundi ujenzi, na yule jirani aliyefuta mkono kwa leso. Nilirudia niliyoambiwa, na wao walikuwa na hoja za kutosha. Fundi alisema baba yake mdogo amekunywa miaka thelathini na yuko imara. Nikamwambia huenda, ila je, amewahi kupimwa? Dunia ina watu milioni 254 wenye homa ya ini B kwa hesabu ya mwaka 2022, na waliopimwa wakajijua ni kama asilimia 13 tu, wanaotibiwa asilimia 3. Hapa tulipokaa, nani ana kadi ya majibu? Hakuna aliyekuwa nayo. Kila mmoja wao alikuwa anakunywa bila kujua anaimwaga juu ya nini ndani.

Sahani ya karanga ilikuwa mezani. Nikawaeleza na hilo, maana daktari aliligusia: karanga na mahindi yaliyohifadhiwa kwenye unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Sumukuvu ikikutana na kirusi cha B katika ini moja, hatari ya saratani huongezeka kupita ile ya kila kimoja peke yake. Aliye na homa ya ini achambue karanga zake, aache zilizosinyaa na zenye rangi ya kijani. Walizitazama zile za sahanini, wakachambua.

Dereva mmoja, mkubwa wa umri kuliko wote, alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akasema kaka yake alikuwa mtu wa viroba, zile pombe kali za mifuko ya plastiki zilizopigwa marufuku Machi 2017. Tumbo lilijaa maji. Walimpeleka kwa waganga watatu, wakauza kiwanja cha Bonyokwa, wakamtuhumu shangazi yao. Shangazi alihama ukoo. Kaka alitapika damu, akafa ndani ya daladala wakimpeleka hospitali. "Yule mama yuko hai," alisema. "Hatujawahi kumwomba radhi." Hakuna aliyemjibu haraka. Mimi nilimwambia kwamba sijui kaka yake aliugua nini hasa, inaweza kuwa pombe peke yake, inaweza kuwa kirusi, inaweza kuwa vyote, na kwa watu wa kando ya ziwa hata kichocho hufanya hivyo. Lakini shangazi hakuhusika. Akaniomba nimwandikie jina la kipimo.

Jirani wa leso alinifuata wakati wa kuondoka. Hakuzungumzia usiku ule. Aliniuliza chanjo inachomwa wapi na kwa watu wa umri gani. Nilimweleza kwamba mtu hupimwa kwanza, akikutwa hana maambukizi huchomwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Watoto wake wadogo wana kinga tayari kama walimaliza kliniki, kwa kuwa Tanzania imeichanganya chanjo hii na zile za watoto tangu mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo ndio tuliopitwa. Dada na shemeji walipimwa wiki hiyo hiyo, wakakutwa salama, wakachomwa ya kwanza. Shemeji alilalamikia sindano kuliko mpwa wangu.

Majibu yangu yalipotoka, ini lilikuwa halijaanza makovu na virusi vilikuwa vichache. Sikuanzishiwa dawa. Nitapimwa kila baada ya miezi sita, damu na picha. Nilimpigia mama nikiwa nje ya lango la hospitali, kelele za Upanga zikimlazimisha aniombe nirudie kila sentensi. Nilimweleza yote, na mwisho nikamwomba apande gari aje Iringa mjini tukutane, yeye na wadogo zangu, wapimwe siku moja.

"Na kilabu?" aliuliza. "Msimu wenyewe ndio huu."

"Kifungwe siku moja, mama."

"Wateja watauliza tumekwenda wapi."

"Waambie tumekwenda kupima ini," nilisema. "Waambie hivyo hivyo, na atakayetaka aje tupande naye gari."